Tarehe iliyoganda: usemi hukokotolewa lini, na mara ngapi?

Karani wa Ngara, Jumamosi asubuhi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninaweka hesabu za sacco ya matatu hapa Nairobi, na kwa kuwa kazi ya kujaza vitabu kwa mkono ilikuwa imenizidi, niliandika programu ndogo, kwa lugha ya Python, ya kupokea makusanyo ya kila jioni. Makanga anapofika ofisini na hesabu ya tajiri, karani wa zamu huandika nambari ya gari na kiasi cha fedha, na tarehe hujazwa na programu yenyewe. Funksheni (kijisehemu cha programu kinachoitwa kwa jina) inayohifadhi rekodi nilianza kuiandika hivi:

    def weka(gari, kiasi, siku=tarehe_ya_leo()):

Nilielewa kwamba karani asipotaja siku, programu itachukua tarehe ya siku hiyo. Niliijaribu nyumbani jioni tatu mfululizo, na kila mara ilitoa tarehe sahihi. Jumatatu asubuhi niliiwasha kwenye kompyuta ya ofisi na kuiacha ikiendelea bila kuizima. Jana jioni nilipochapisha ripoti ya wiki, nilikuta rekodi zote za siku tano zimeandikwa tarehe ya Jumatatu. Gari ambalo hesabu yake ni shilingi 3,000 kwa siku lilionekana limeleta 15,000 Jumatatu na halikuleta hata senti siku nne zilizofuata. Tajiri mmoja alifika ofisini akiwa na hakika kwamba gari lake lililazwa tangu Jumanne, na nusura amfukuze dereva kazi kwa sababu ya mstari mmoja nilioandika mimi. Jambo hilo limeniuma sana.

Nilipotafakari, nikakumbuka kwamba mwezi uliopita skripti yangu ya Bash (faili ya amri zinazotekelezwa kwa mfuatano) ilikuwa imekosea kwa kinyume chake. Skripti hiyo huendeshwa na cron, programu ya kuendesha kazi kwa ratiba, saa 5:58 usiku. Mwanzoni huunda jina la faili kwa kuita amri ya tarehe, na mwishoni, inapotuma faili kwa mweka hazina, huliunda jina lile upya kwa amri ile ile. Usiku mmoja kazi ilivuka saa sita, skripti ikahifadhi faili kwa jina la siku moja na kujaribu kutuma faili yenye jina la siku iliyofuata, ambayo haikuwapo. Python ilikokotoa tarehe mara chache mno, na Bash ikaikokotoa mara nyingi mno.

Mwenzangu anayeandika JavaScript anasema kwamba mstari kama ule wa kwanza, ukiandikwa katika lugha yake, ungetoa tarehe sahihi kila siku. Aliongeza kwamba ningetumia lugha yenye ukokotoaji wa uvivu, ambayo haikokotoi kitu mpaka kitakapohitajika, nisingepatwa na shida hii kabisa. Ningependa kujua kwa nini lugha mbili zinausoma mstari ule ule kwa njia mbili, ikiwa kweli uvivu ungeniokoa, na ikiwa kule Python na Bash kuitwa lugha za skripti kunahusika kwa namna yoyote.

Fundi wa Seva, Jumamosi mchana

Pole ndugu Karani, na pole zaidi kwa dereva.

Nianze na Python. Katika lugha hiyo, mstari unaoanza na def si tangazo la kusomwa na kuwekwa kando. Ni amri, na hutekelezwa kama amri nyingine yoyote pale utekelezaji unapoufikia. Kuitekeleza ni kuunda funksheni, kuipa jina, na kuihifadhia thamani zake za msingi, yaani zile zinazotumika anayeiita asipotaja nyingine. Usemi, yaani maandishi yanayokokotolewa ili kutoa thamani, uliouandika upande wa kulia wa alama ya sawasawa hukokotolewa wakati huo huo, mara moja tu, na jibu lake hubebwa na funksheni maisha yake yote. Programu yako ilipowashwa Jumatatu, tarehe_ya_leo() iliitwa, ikajibu Jumatatu, na jibu hilo likashonewa ndani ya funksheni. Majaribio yako ya nyumbani hayangeweza kulifichua kosa, kwa kuwa kila jaribio lilianza kwa kuiwasha programu upya na hivyo kuitekeleza def upya. Dawa inayojulikana ni hii (None maana yake ni "hakuna kitu"):

    def weka(gari, kiasi, siku=None):
        if siku is None:
            siku = tarehe_ya_leo()

Mwili wa funksheni hutekelezwa kila inapoitwa, kwa hiyo tarehe itaulizwa kila mara. Chunguza pia kama umeweka popote orodha tupu kuwa thamani ya msingi, kwa maana orodha hiyo itakuwa moja kwa miito yote: gari la kwanza likiongezwa humo, mwito wa pili utalikuta bado limo. Kosa hilo limewatesa watu wengi kuliko la tarehe.

Mwenzako amesema kweli kuhusu JavaScript. Thamani za msingi za parameta (majina kama siku yanayopokea data ya funksheni) ziliingia katika kiwango cha lugha hiyo mwaka 2015, na waliokiandika waliamua kwamba usemi utakokotolewa kila funksheni inapoitwa bila hoja hiyo, yaani bila parameta hiyo kupewa thamani. Ruby nayo hufanya hivyo. Mimi binafsi naona uamuzi wa JavaScript unamtumikia mwandishi vizuri zaidi, ingawa uamuzi wa Python unafuata kanuni yake yenyewe bila kupinda: kilichoandikwa katika mstari wa def hutekelezwa pamoja na def.

Hapo ndipo swali lako la skripti linapoingia. Katika C, funksheni huandaliwa na kompaila (programu inayotafsiri ulichoandika kuwa lugha ya mashine) kabla programu haijaanza, kwa hiyo hakuna dakika ambapo funksheni "inaundwa" programu ikiendelea. Katika Python, kifasiri (programu inayosoma na kutekeleza ulichoandika) husoma faili nzima na kuigeuza kuwa maagizo ya ndani, kisha huanza juu na kushuka, akiziunda funksheni moja baada ya nyingine njiani. Bash imekwenda mbali zaidi: haisubiri hata kuisoma faili nzima, bali husoma amri, huitekeleza, kisha husoma inayofuata. Ndiyo sababu ukiihariri skripti ya Bash inayoendelea kufanya kazi unaweza kuivuruga katikati ya safari. Lugha za namna hii huchanganya wakati wa kutangaza na wakati wa kutenda, na mtu asipoangalia huandika usemi akidhani ni wa wakati mmoja kumbe ni wa mwingine.

Kwa skripti yako ya usiku, ikokotoe tarehe mara moja tu, mstari wa kwanza kabisa, uiweke katika kigeu (jina linalotunza thamani), na kuanzia hapo utumie kigeu tu. Bash hukokotoa amri iliyowekwa ndani ya $( ) pale kigeu kinapopewa thamani. Haiirudii kila unapokitaja.

Kuna sehemu mbili ambapo swali la wakati limejificha ndani ya alama ndogo. Ya kwanza ni alama za mtajo za Bash. Tazama mistari hii, ambapo trap huhifadhi amri ya kutekelezwa skripti inapokwisha, na rm -f hufuta faili:

    trap "rm -f $faili" EXIT
    trap 'rm -f "$faili"' EXIT

Wa kwanza hulipanua jina la faili sasa hivi, mstari unaposomwa. Kama $faili bado haijapewa thamani, amri itakayohifadhiwa haina jina la faili lolote, na faili ya muda itabaki kwenye diski. Wa pili huyahifadhi maandishi kama yalivyo na kuyapanua skripti inapokwisha. Mtajo wenye mikia miwili ni wa pupa, yaani wa kukokotoa papo hapo; wenye mkia mmoja ni wa kuahirisha. Sehemu ya pili ni cron: ukiandika amri ya tarehe yenye alama ya asilimia moja kwa moja kwenye jedwali la cron, alama hiyo itageuzwa kuwa mstari mpya kabla sheli (programu inayopokea na kutekeleza amri) haijaiona, isipokuwa uitangulize mkwaju wa nyuma. Amri hiyo hiyo kwenye temino itafanya kazi vizuri, na mtu huweza kupoteza mchana mzima akitafuta tofauti.

Chombo kilicholiweka suala hili wazi kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni Make, chombo cha kujenga programu kutoka faili zake, kilichoandikwa na Stuart Feldman katika maabara ya Bell mwaka 1976. Katika GNU Make, ukiandika LEO = na amri ya tarehe, amri itarudiwa kila LEO inapotajwa; ukiandika LEO := itatekelezwa pale pale, mara moja. Nukta mbili ndogo zinatosha kumwambia msomaji lini na mara ngapi. Ningependa kila lugha ingekuwa na uungwana huo.

Mwalimu wa Jioni, Jumamosi usiku

Fundi amelijibu swali la kazi. Naomba nilijibu lile la uvivu, kwa sababu mwenzako, ndugu Karani, ametamka jambo ambalo wengi huliamini na ambalo si kweli moja kwa moja.

Fikiria unamtuma mtoto dukani na unataka ajue ana fedha kiasi gani. Unaweza kuhesabu kilichomo ndani ya droo, ukampa noti mkononi: hiyo ni kupitisha kwa thamani. Unaweza pia kumpa karatasi iliyoandikwa "kilichomo ndani ya droo", naye kila anapotaka kujua anarudi nyumbani kuihesabu droo: hiyo ni kupitisha kwa jina. Au unampa karatasi ile ile, lakini mara ya kwanza anapohesabu anaandika jumla nyuma yake, na tangu hapo haendi tena kwenye droo, anasoma alichoandika: hiyo ni kupitisha kwa haja, na ndiyo inayoitwa kwa kawaida ukokotoaji wa uvivu. Asipofika dukani kabisa, katika njia mbili za mwisho droo haikuhesabiwa hata mara moja, na kazi hiyo imeokolewa.

Njia ya jina ni kongwe. Algol 60, lugha ambayo kamati yake ilikutana Paris Januari 1960 na ripoti yake ikahaririwa na Peter Naur, ilipitisha hoja zote kwa jina isipokuwa mwandishi aombe thamani kwa neno maalumu. Ili kompaila iweze kutimiza hilo, Peter Ingerman alieleza mwaka 1961 kijisehemu cha programu ambacho hubeba usemi usiokokotolewa pamoja na njia ya kuurudia. Alikiita thanki, na jina hilo linatumika hadi leo. Mdenmarki Jørn Jensen, aliyefanya kazi pamoja na Naur, alionyesha uzuri wa njia hiyo: funksheni moja ya kujumlisha, ikipewa kigeu i na usemi hesabu[i], yaani hesabu ya gari la nambari i katika orodha, huweza kujumlisha chochote, kwa kuwa kila i inapobadilishwa ndani, usemi husomwa upya na kuleta gari jingine. Ubaya wake ulionekana haraka vilevile. Jaribu kuandika funksheni ya kubadilishana vitu viwili, uipe i na hesabu[i]. Funksheni inaweka i pembeni, inaipa i thamani ya hesabu[i], kisha inataka kuandika ile thamani ya pembeni ndani ya hesabu[i]. Lakini i imeshabadilika, kwa hiyo inaandika kwenye gari lisilohusika. Droo imehamishwa huku mtoto yuko njiani.

Kumbuka sasa kwamba Alonzo Church na J. Barkley Rosser walithibitisha mwaka 1936 kwamba katika hesabu ya lamda, mfumo wa kihisabati wa kueleza funksheni, mpangilio wa kukokotoa hauwezi kukupa majibu mawili tofauti: njia mbili zikifika mwisho, zitafikia jibu moja. Uthibitisho huo unasimama kwa sababu katika hesabu ya lamda hakuna droo. Hakuna kinachobadilika. Usemi ni ule ule leo na kesho, kwa hiyo kuuhesabu mara moja au mara mia hakutofautiani ila kwa gharama. Christopher Wadsworth, katika tasnifu yake ya Oxford ya mwaka 1971, alitafuta namna ya kupunguza gharama hiyo kwa kushirikisha matokeo, na mwaka 1976 yalitokea makala mawili, la Henderson na Morris na la Friedman na Wise, yaliyoonyesha jinsi lugha nzima inavyoweza kujengwa juu ya uvivu. Kutoka hapo tukapata lugha za uvivu: Miranda ya David Turner mwaka 1985 na ripoti ya kwanza ya Haskell mwaka 1990.

Lakini tarehe ya leo, ndugu Karani, ni droo kabisa. Yaliyomo hubadilika kila usiku. Mvivu anayekumbuka angeiuliza mara moja, akaandika jibu nyuma ya karatasi, na kulisoma hilo hilo wiki nzima. Ungepata tarehe iliyoganda vilevile, tofauti ikiwa kwamba ingeganda wakati wa matumizi ya kwanza badala ya wakati wa kuwasha. Haskell inalijua hili, na ndiyo maana kuuliza saa katika lugha hiyo hakuruhusiwi kuwa usemi wa kawaida. Ni kitendo, chenye aina yake ya pekee, na mwandishi hulazimika kusema kitendo hicho kitafanyika hatua gani. Kinachookoa hapo ni huko kulazimishwa kuutaja wakati, uvivu haukuhusika.

Niongeze kwamba uvivu una deni lake. Ukijumlisha orodha ndefu kwa uvivu mtupu, lugha inaweza kuahirisha kila kujumlisha na kurundika ahadi ndani ya kumbukumbu mpaka kompyuta ielemewe, ilhali jumla yenyewe ni nambari moja tu. Waandishi wa Haskell hujifunza mapema kuiamuru lugha ikokotoe papo hapo mahali pa namna hiyo.

Mchambuzi wa Takwimu, Jumapili mchana

Kwa heshima zote, Mwalimu, mfano wa droo umenifaa sana, lakini hitimisho lako kuhusu tarehe si sahihi kwa kila lugha ya uvivu. Natumia R, lugha ya takwimu, kila siku, na R hupitisha hoja kwa uvivu: kila hoja hufungwa ndani ya kitu kinachoitwa ahadi, na ahadi hukokotolewa mara ya kwanza mwili wa funksheni unapoigusa. Thamani za msingi nazo ni ahadi. Muhimu ni kwamba ahadi hizo huundwa upya kila funksheni inapoitwa. Mtoto hupewa karatasi mpya kila safari, kwa hiyo anachoandika nyuma yake leo hakimfuati kesho. Funksheni ya ndugu Karani, ikiandikwa kwa R kama alivyoiandika kwa Python, ingetoa tarehe ya siku ya mwito, na dereva yule hangepata tabu.

Hata hivyo R ina mtego wake. Ikiwa mwili wa funksheni utafanya kwanza kazi ndefu, kisha ndipo uguse siku, tarehe itaulizwa mwishoni mwa kazi hiyo. Karani akianza saa 5:58 usiku, anaweza kupata tarehe ya siku iliyofuata bila mstari wowote kuonyesha kwa nini. Mimi huigusa hoja ya namna hiyo katika mstari wa kwanza wa mwili, kwa makusudi, ili nijue imekokotolewa. Uvivu huo pia ulikuwa ukiwatega watu waliounda funksheni nyingi kwa mkupuo, kwa kuwa ahadi ziligutuka zimechelewa na zote zikasoma thamani ya mwisho. Toleo la R 3.2.0 la mwaka 2015 lilibadilisha funksheni za familia ya apply, zinazotumia funksheni moja kwa kila kitu katika orodha, ili zilazimishe hoja mapema.

Mwalimu wa Jioni, Jumapili jioni

Mchambuzi yuko sahihi, na nimerekebishwa ipasavyo. Nilizungumza kana kwamba kuna karatasi moja tu, hali swali la karatasi ni ya nani, ya ufafanuzi wa funksheni au ya mwito mmoja, ndilo linaloamua kila kitu hapa. Python ni ya pupa na karatasi yake ni ya ufafanuzi. JavaScript ni ya pupa na karatasi yake ni ya mwito. R ni ya uvivu na karatasi yake ni ya mwito. Kosa la ndugu Karani lilitokana na karatasi, na pupa isingetosha kulieleza. Asante.

Karani wa Ngara, Jumatatu usiku

Nawashukuru nyote. Nimeirekebisha funksheni kama Fundi alivyoelekeza, na nimekuta orodha tupu katika mahali pawili, moja ikiwa tayari imeanza kukusanya nambari za magari zisizohusika.

Kuhusu rekodi zilizoharibika, nimepata msaada mahali ambapo sikutarajia. Hifadhidata yangu ni SQLite, na nilipoiunda niliweka safu ya wakati wa kuandikwa yenye thamani ya msingi CURRENT_TIMESTAMP, kisha nikaisahau. Nilidhani nayo imeganda, lakini kila mstari una wakati wake. Kwa nini neno "thamani ya msingi" linamaanisha jambo moja katika hifadhidata na jingine katika Python?

Pia nimejaribu kuweka kwenye skrini kitufe kwa kila gari, nikiviunda ndani ya kitanzi (amri inayorudia kazi kwa kila kitu katika orodha), kila kitufe na funksheni yake ndogo. Kitufe chochote nikibonyeza, gari linaloitika ni la mwisho katika orodha. Je, ni ugonjwa ule ule?

Fundi wa Seva, Jumatatu usiku

Ni ugonjwa wa upande wa pili. Funksheni ndogo ulizoziunda ndani ya kitanzi hazikubeba thamani ya gari, zimebeba kigeu chenyewe, na hukisoma zinapobonyezwa. Wakati huo kitanzi kimekwisha na kigeu kimebaki kwenye gari la mwisho. Hapa ulitaka pupa, Python ikakupa kuahirisha. Dawa inayotumiwa sana itakushangaza: iandikie kila funksheni ndogo parameta yenye thamani ya msingi, gari=gari, ili thamani ishonewe wakati wa kuundwa. Tabia ile ile iliyokugandishia tarehe ndiyo itakayokutenganishia vitufe. Katika JavaScript ya zamani, kigeu kilichotangazwa kwa var kilileta shida hii hii, na mwaka 2015 lugha iliongeza let, ambayo humpa kila mzunguko wa kitanzi kigeu chake.

Kwenye SQL, lugha ya hifadhidata, thamani ya msingi ya safu ni sehemu ya maelezo ya jedwali, na hukokotolewa kila mstari mpya unapoingizwa bila thamani hiyo. Usiiamini kwa upofu, lakini. Katika PostgreSQL, hifadhidata nyingine, ukiweka now() kama funksheni itakokotolewa kila mstari unapoingia, na itarudisha wakati muamala ulipoanza. Ukiweka neno lile lile ndani ya alama za mtajo na kulitaja kuwa ni la aina ya wakati, litakokotolewa jedwali linapoundwa na kuganda hapo. Tena alama za mtajo.

Jambo la mwisho kabla hujarekebisha rekodi: CURRENT_TIMESTAMP ya SQLite hutoa saa ya UTC, yaani saa rasmi ya dunia, na Nairobi iko saa tatu mbele. Rekodi iliyoandikwa saa saba usiku wa Nairobi itaonekana katika hifadhidata kuwa ya saa nne usiku wa siku iliyotangulia. Ongeza saa tatu kwanza, ndipo uitoe tarehe.

Karani wa Ngara, Jumatano usiku

Nimeongeza saa tatu na kuzirejesha rekodi za siku zote tano. Nimelinganisha jumla za kila siku na stakabadhi za karatasi, na zinakubaliana, isipokuwa magari mawili ya njia za usiku ambayo huleta hesabu baada ya saa sita. Kwa magari hayo programu inasema Jumatano, na makanga wanasema ni hesabu ya Jumanne, kwa kuwa kazi ilianza Jumanne na wao hawajalala bado. Babu yangu naye angesema usiku ule ulikuwa wa kuamkia Jumatano.

Nimezungumza na mweka hazina, na tumeamua kuiondoa thamani ya msingi kabisa. Parameta ya siku sasa ni ya lazima. Karani wa zamu atamuuliza makanga fedha hizi ni za siku gani, ataiandika, na safu ya wakati wa kuandikwa itabaki kando yake kama shahidi. Tajiri yule nimempelekea ripoti iliyosahihishwa kwa mkono wangu mwenyewe, na dereva yuko kazini.